Mariamu Huchaguliwa wa Mwisho

"Mama, mwaka huu mnasafiri lini?"

Swali hilo huulizwa mwezi wa Septemba, nje ya kanisa moja la Kilutheri kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, wakati wazazi wamesimama kivulini wakisubiri watoto watoke Shule ya Jumapili. Anayeuliza ni mwalimu wa watoto hao. Mkononi ana daftari lenye safu mbili, jina la mtoto na tarehe ya safari. Mzazi akijibu kwamba hajui, inategemea tiketi, mwalimu huandika "tiketi" na kumrudia Jumapili inayofuata. Igizo la Krismasi bado halijaandikwa hata neno moja. Hakuna Mariamu, hakuna Herode. Anachotaka kujua kwanza ni nani atakuwepo mjini usiku wa tarehe 24 Desemba.

Aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwezi huo anaelewa. Jiji hupungua. Wachagga hupanda Rombo, Machame na Marangu, Wahaya huelekea Bukoba, Wanyakyusa Tukuyu, na Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa mabegi, maboksi ya zawadi na watoto waliovalishwa nguo za sikukuu kabla ya sikukuu yenyewe. Sharika za Kilutheri za mjini zina watu wengi wa mikoa hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa Yusufu Jumapili ya tatu ya Majilio, Alhamisi yake yuko Same, ananunua mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi. Siku hizi wanaokwenda Dodoma wamekuwa na nafuu. Tangu 2024 treni ya umeme inafika huko kwa saa chache, na baadhi yao hubaki mpaka tarehe 23. Hata hilo mwalimu ameliandika.

Walimu wengi huikwepa shida hii kwa kufanya igizo mapema, mwanzoni mwa Desemba, watu wakiwa bado wapo. Yeye hakubali. Krismasi kwake ni usiku wa mkesha, na waliobaki mjini ndio hasa anaowaandalia: wauguzi walio zamu, walinzi, wenye maduka wanaofunga saa 2 usiku, familia ambazo mwaka huo nauli haikupatikana. Basi anatunga igizo ambalo mtoto yeyote anaweza kutoka ndani yake bila kulibomoa, na mtoto yeyote anaweza kuingia siku ya mwisho akapata mahali pa kusimama. Kila mwisho wa mwaka mimi hukaa benchi la nyuma kwenye mazoezi yake, na kila mara huona ufundi ambao mwaka uliotangulia ulinipita machoni.

Mwalimu huandika mwezi wa Oktoba, usiku, wanawe wakishalala. Mbele yake ana sura mbili tu za Biblia, ya 2 ya Luka na ya 2 ya Mathayo, maana hadithi tunayoiona kuwa moja imetoka kwa waandishi wawili. Luka ana sensa ya Kaisari Augusto, hori, na wachungaji wa kondoo usiku kondeni. Mathayo ana nyota, mamajusi, Herode na safari ya Misri. Hakuna kati yao aliyetaja idadi ya mamajusi. Zawadi ni tatu, na watu wakawahesabu wenyewe kwa zawadi. Punda hatajwi. Mwenye nyumba ya wageni hatajwi pia, ingawa sijawahi kuona igizo la Krismasi lisilo naye. Mwalimu huyu anaijua vizuri mipaka ya maandiko, na uhuru wake wote huutumia pale maandiko yaliponyamaza. Kama idadi ya mamajusi haikuandikwa, basi mwaka mmoja watakuwa watatu na mwaka mwingine watano, kutegemea safu ya pili ya daftari.

Usimulizi nao ameukatakata. Katika maigizo mengi ya kanisani mtoto mmoja hodari hupewa karatasi yote, na siku akiugua homa igizo zima linaugua naye. Kwa mwalimu huyu kila kipande cha usimulizi kina sentensi mbili, na kila kipande kinajulikana na watoto watatu. Waimbaji wa kwaya hupumua kwa zamu ili sauti ndefu isikatike, na wasimulizi wake wamefundwa hivyohivyo. Mmoja akikwama, aliye kulia kwake anapokea, bila kugeuza shingo kumtazama aliyekwama. Hilo la kutogeuza shingo hulifanyia mazoezi peke yake. Anajua kwamba waumini husamehe neno lililosahaulika upesi sana, ila macho ya watoto yakianza kutafutana, kanisa zima huacha kusikiliza hadithi na kuanza kumwonea huruma mtoto.

Maneno ya mamajusi na ya malaika huyaandika kwa vina na mizani, na sababu yake ni ya kazi. Mtoto aliyekariri maneno ya mjazo akipoteza neno moja, yote yaliyofuata humkimbia. Aliyekariri mstari wa mizani 16, yaani 8 na 8, hubebwa na mapigo mpaka mwisho, na kina humwonyesha lile neno lililokuwa likimtoroka. Mamajusi wakiingia husema:

Tumetoka mashariki, nyota ndiyo yatuita,
Jua kali hatuchoki, jangwa tumeshalipita.

Nilikuwepo mtoto wa darasa la pili alipokwama baada ya "hatuchoki". Alitazama dari. Kidole chake kilianza kugonga mshono wa suruali, taratibu, kikihesabu, halafu "jangwa tumeshalipita" ikatoka yenyewe, kamili. Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na hakumsaidia. Alikuwa amekiona kidole.

Njia hii aliikuta imetengenezwa. Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeieneza ngonjera Tanzania: mashairi ya kujibizana, ambapo pande mbili hubishana mpaka zinafikia mwafaka. Alifariki 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971. Shule zilizipokea ngonjera kwa mikono miwili kwa kuwa ziliufaa wakati ule wa baada ya Azimio la Arusha, na vizazi kwa vizazi vya watoto vimesimama juani vikizighani mbele ya wakuu wa wilaya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Mnyampala huyohuyo aliiweka habari ya Yesu katika utenzi, kitabu kinachoitwa Utenzi wa Enjili Takatifu. Kwa hiyo mamajusi wanapojibizana na waandishi wa Herode kwa vina, mbele ya altare, hakuna kitu kigeni kilichoingizwa kanisani. Kuna wazee kwenye mabenchi ambao wakisikia upande mmoja unamaliza, midomo yao inasubiri kina cha upande wa pili.

Kugawa nafasi ndipo ninapomvulia kofia. Mwishoni mwa Septemba au karibu yake, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, na siku hiyo watoto ndio huongoza ibada: husoma masomo, huimba, huomba. Washarika hufurahi na kupiga picha. Mwalimu wao, baada ya kuwapanga mstarini, hutoka mbele akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, chini ya feni yenye kelele kuliko zote, na kusikiliza. Huandika nani alisikika kutoka pale. Huandika nani aliendelea kusoma maiki ilipokatika, na nani aliangusha karatasi akaiokota bila kumtafuta mama yake kwa macho. Ibada ikiisha, nusu ya igizo lake imekwishapata watu, na watoto wenyewe hawajui kwamba wamepimwa.

Huanza na wadogo. Wa chekechea wote ni malaika. Jeshi la mbinguni halina idadi, halihitaji maneno zaidi ya wimbo, na malaika mmoja akilia na kukimbilia kwa mama yake, waliobaki bado ni jeshi. Darasa la nne wana mtihani wa taifa kabla ya likizo, kwa hiyo hupewa kondoo na wanakijiji wa Bethlehemu, kazi isiyo na maneno mengi. Darasa la saba wamemaliza mtihani wao Septemba na hawana la kufanya mpaka Januari. Umri wa kuona haya umewafikia, na ukiwavisha mabawa watakimbia. Hao huwapa mamlaka: kila mmoja anakabidhiwa kikundi, anajua maneno ya kikundi chote, anawapeleka chooni, anawapanga mlangoni, na siku ya mwisho mwenzao mdogo asipotokea, ni yeye anayevaa shuka na kuingia. Walioshinda nyumbani wakigombania rimoti ya televisheni hugeuka ghafla kuwa watu wazima.

Mariamu huchaguliwa wa mwisho. Katika sharika nyingi nafasi hii huleta maneno. Mtoto wa mzee wa kanisa anaitaka, mtoto mwenye sura ya kupendeza anastahili, na mama aliyetoa vitambaa anasubiri kuona kama ukarimu wake umeonekana. Mwalimu huyu ametafuta kipimo ambacho mzazi hawezi kukibishia. Mariamu wake hasemi neno. Anakaa, karibu igizo zima, mbele ya kanisa lililojaa, na kichanga mikononi. Anatakiwa basi msichana anayeweza kutulia bila kukakamaa, na aliyewahi kubeba mdogo wake.

Nilimwona akiwapima. Aliwaita wasichana mmoja mmoja, akampa kila mmoja mwanasesere aliyefungwa kanga, "Nishikie huyu mara moja, mwanangu," kisha akaanza kuzungumza nao mambo mengine kabisa: shule imefungwa lini, bibi hajambo, nyumbani mnapika nini sikukuu. Mmoja alimning'iniza mwanasesere kwa mkono. Mwingine alimweka kitini. Wa tatu alimkumbatia kwa nguvu huku akimtazama mwalimu kuona kama ameonekana. Kisha akaja mtoto mwembamba wa darasa la sita, mkimya. Akiwa katikati ya kueleza namna bibi yake anavyopika ndizi, mkono wake wa kushoto ulihama wenyewe ukakaa chini ya shingo ya mwanasesere, wa kulia ukalivuta pindo la kanga likakinga uso dhidi ya upepo wa feni, na maelezo ya ndizi yakaendelea. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaandika jina. Mkesha ulipofika, mama mmoja wa benchi la tatu aliniuliza kwa kunong'ona kile kichanga ni cha nani.

Mwenye nyumba ya wageni huchaguliwa kwa kipimo kingine. Kwa kuwa maandiko hayamtaji, hana maneno ya kulinda, na nafasi hiyo mwalimu humpa mtoto msemaji, yule ambaye shuleni husimamishwa kwa kupiga soga. Hampi karatasi. Humpa hali yake: wewe ni mama mwenye nyumba, si mtu mbaya, umechoka, nyumba imejaa, miguu inakuuma. Yusufu anabisha hodi, anasema, "Shikamoo mama," na mtoto huyo anajibu atakavyo. Mwaka juzi alikuwa msichana wa darasa la tano, mikono kiunoni: "Marahaba baba, lakini utaniua. Shangazi kalala sebuleni, mabinamu wako chini kwenye mikeka, hata jikoni kuna watu wa Arusha." Kanisa lilicheka kwa sauti, kwa sababu kila aliyewahi kulala nyumbani kwa babu mwezi wa Desemba anaijua nyumba hiyo. Yusufu alikuwa ameagizwa asubiri kicheko kiinuke mpaka juu, na kabla hakijaanza kushuka, aseme kwa upole: "Mama, huyu mwenzangu ameshikwa na uchungu." Kicheko kilikatika papo hapo. Mwalimu alikuwa amekijenga kwa ajili ya sekunde ile.

Wachungaji wa kondoo walimpa kazi zaidi, kwani watoto wa mjini hawajui kuchunga. Mlinzi wa geti la kanisa ni kijana wa Kimasai, na Jumamosi moja mwalimu alimwomba aache geti kwa muda aje kuwatazama. Alikuja, akatazama, akawanyang'anya fimbo walizokuwa wakipigania. Akawaonyesha fimbo inavyolazwa mabegani nyuma ya shingo na mikono ikaegemezwa juu yake, namna ya kusimama mtu atakayesimama mpaka alfajiri. Akawaonyesha kwamba mchungaji haiti kondoo kwa kupiga kelele. Halafu akaona wameketi wameuzunguka moto wao wa karatasi nyekundu, wakiutazama, akatikisa kichwa. "Usiku huangalii moto," aliwaambia. "Ukiangalia moto, gizani huoni kitu. Mpe moto mgongo." Wakageuka. Na kwa kugeuka huko, nyuso zao zote zikawaelekea washarika, jambo ambalo mwalimu alikuwa amelihangaikia kwa wiki nzima. Toka siku hiyo wachungaji wake huupa moto mgongo, na ukimuuliza atakwambia nani aliyewafundisha.

Kabla ya malaika kutokea, wachungaji hao hulalamika. Maji yako mbali, majani yamekauka, tajiri hajalipa. Katika maigizo ya Wakefield, Uingereza, yaliyohifadhiwa tangu zama za kati, wachungaji nao huanza kwa kulalamikia baridi na uonevu wa mabwana, kisha anatokea mwizi aitwaye Mak, anaiba kondoo, anamficha katika susu na kudai mkewe amejifungua, na watu wanacheka sana kabla ya kupelekwa Bethlehemu. Huko York, ambako kumbukumbu za maonyesho ya namna hii zinaanzia 1376, kila chama cha mafundi kilibeba sehemu yake ya hadithi ya Biblia, na wafua dhahabu ndio waliocheza mamajusi. Sidhani kama kuna uhusiano wowote kati ya mafundi hao na mwalimu wa Barabara ya Morogoro. Lakini wote wamegundua jambo lilelile: habari njema ikitangazwa kwa watu wasio na shida yoyote, haisikiki.

Kanisa halina pazia wala jukwaa. Pazia lake ni nyimbo. Mamajusi huvalia ofisini nyuma ya altare, hutoka nje, huzunguka ukuta na kuingia kwa mlango mkuu. Mwalimu aliitembea njia hiyo mwenyewe, kwa hatua za mtoto aliyevaa kanzu ndefu, kwaya ikiimba ndani: kuzunguka ukuta ni beti mbili, kupita katikati ya mabenchi ni tatu. Mvua ya vuli ikiendelea kunyesha, hupita ndani kwa ukumbi wa pembeni, na ubeti mmoja hupunguzwa. Wakichelewa, yeye hugusa sikio, na kiongozi wa kwaya hurudia ubeti wa mwisho. Usiku Mtakatifu huuweka pale mtoto anapozaliwa, kwanza kwa kuwa ni wimbo wa taratibu unaowapa Mariamu na Yusufu nafasi ya kukaa sawa, na pili kwa sababu ya umeme. Wimbo huo uliimbwa mara ya kwanza kule Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, kwa gitaa. Kinanda kikizimika, kijana mwenye gitaa yuko tayari nyuma ya nguzo.

Feni nazo zina ratiba. Desemba ya Dar es Salaam haivumiliki bila feni, na feni za kanisa hilo zinameza sauti ya mtoto mita chache tu kutoka mdomoni. Kwa hiyo mtoto mmoja wa darasa la saba amekabidhiwa swichi. Wimbo ukianza anawasha, maneno yakikaribia anazima, na kwa kuwa feni huchukua muda kusimama, huzima ubeti mmoja kabla. Watu hawajui kwa nini joto huja na kuondoka. Wanachojua ni kwamba mwaka huu watoto wamesikika vizuri.

Na watoto kweli husikika, feni au hakuna feni, maana Jumamosi zote za Novemba maiki hufungiwa kabatini. Mwalimu husimama mlangoni, mkono juu, na hauteremshi mpaka neno limemfikia. Hawaambii wapaze sauti, kwa kuwa mtoto akiambiwa apaze sauti hupiga kelele, na kelele haina maneno ndani yake. Huwaambia wamwambie bibi aliyekaa nyuma kabisa, yule mwenye masikio mazito, na wasimwache bibi nyuma. Maiki mbili zikija kurudishwa Desemba, zinakaa kwenye stendi zilizofungwa kwa urefu wa kifua cha mtoto, na sakafuni kuna alama ya utepe pa kusimama. Hakuna mtoto anayeshika maiki mkononi.

Kwa vitu, ni mchaguzi sana. Hori la igizo lake ni hori kweli, la mbao, la mama mmoja wa jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa. Hulisugua kwa maji na kuliacha juani, lakini kingo zake zimelainishwa na ndimi za ng'ombe miaka na miaka, na ulaini huo seremala hawezi kuuchonga. Hataki karatasi za kumetameta karibu nalo. Fransisko wa Assisi, Krismasi ya 1223 katika kijiji cha Greccio, aliomba vitu vichache: hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Tommaso wa Celano, aliyeandika habari hiyo miaka michache baadaye, anaeleza kwamba Fransisko alitaka kuuona kwa macho yake ule ufukara aliozaliwa nao mtoto Yesu. Naamini angelitambua hori hili.

Mabawa ya malaika ni maboksi ya maji ya chupa yaliyokatwa na kupakwa chokaa, na hufungwa kwa vipande vya kanga vilivyokatizana kifuani, kwa kuwa lastiki huwakata watoto kwapani, na malaika anayejikuna haaminiki. Magauni yao ni vyandarua vilivyoisha kazi. Kanzu za mamajusi huazimwa kwa majirani Waislamu, ambao wanao watoto wa rika hilo na kanzu safi za Idi, na nimemsikia jirani mmoja akisema huku akizikunja, "Yule mrefu usimpe hii, itamwonyesha miguu." Kanzu ikizidi urefu, fundi cherehani wa usharika huipiga bandi tu, asikate. Majusi wa mwisho hubeba chetezo chenye mkaa na ubani, unaowashwa nje na darasa la saba. Walutheri kwa kawaida hawafukizi ubani katika ibada zao, lakini pwani hii imekuwa ikiupokea kutoka Somalia na Dhofar kwa majahazi tangu zamani, na hakuna mtu pale ndani asiyeijua harufu yake. Huingia mlango mkuu pamoja na watoto, ikawatangulia. Wazee hugeuza vichwa kabla hawajaona kitu.

Kisha kuna Herode. Walimu wengi humwondoa, wakisema watoto wataogopa, na igizo linaishia kwa watu wote kupiga magoti kuzunguka hori na wazazi kunyanyua simu. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Hata hivyo nadhani igizo lisilo na Herode limepoteza uzito wake, na namheshimu mwalimu huyu kwa kutomwacha. Mvulana anayemcheza alianza kwa kunguruma, wavulana wote huanza hivyo. "Huyu anaogopa kunyang'anywa kiti," mwalimu alimwambia. "Anayeogopa hapigi kelele. Anauliza maswali." Sasa Herode wake anawauliza mamajusi kwa sauti ya chini, kwa adabu, nyota waliiona lini, na watoto walio kwenye mabenchi huacha kuchezea mishumaa yao. Mauaji ya watoto wa Bethlehemu hayaonyeshwi. Msimulizi anayataja kwa sentensi moja. Yusufu anaamka, anafunga kifurushi, anamsaidia Mariamu kusimama, na wanatoka kwa mlango wa pembeni kwenda Misri. Igizo limekwisha. Katika nchi ambayo kwa miongo mingi imewapokea Kigoma watu waliovuka usiku kutoka Burundi na Congo, hakuna haja ya kueleza zaidi. Picha za kuzunguka hori hupigwa baadaye, baada ya baraka, na kila mzazi anapata yake.

Mkesha uliopita, mamajusi wawili walikuwa wameshafika Moshi, msimulizi mmoja alikuwa na surua, na saa moja kabla ya ibada akaja mtoto mgeni kutoka Mwanza, aliyeletwa kwa mjomba wake kwa likizo, hajawahi kuhudhuria hata zoezi moja. Alisimama karibu na nguzo akiwatazama wenzake wanavyovalishwa. Mwalimu alimwona. Alimtafutia shuka, akamkabidhi kwa msichana wa darasa la saba, na maelekezo yote aliyopewa yalikuwa manne: kaa hapa, moto mgongoni, wakisimama simama, wakiimba imba. Igizo lilipoanza nilijaribu kumtafuta kati ya wachungaji, na mpaka lilipoisha sikuwa na hakika ni yupi.

Baada ya ibada watu husimama nje kwa muda mrefu wakitakiana heri. Mwalimu na darasa la saba hubaki ndani wakibandua utepe sakafuni. Hori hurudishwa usiku uleule kwa toroli, kwa kuwa ng'ombe watakula alfajiri. Kanzu hufumuliwa bandi na kulowekwa kwenye beseni nyumbani kwake kabla hajalala, na Krismasi ikiangukia Alhamisi, siku ya kupiga pasi ni hiyohiyo ya sikukuu, maana Ijumaa wenyewe watazihitaji msikitini.